Nyumba ya Frederick Douglass: Jinsi wanawake wa vikundi walivyoikomboa na kuifanya makumbusho

Jijini Washington, mji mkuu wa Marekani, ng'ambo ya mto Anacostia, kuna kilima chenye nyumba kubwa ya zamani yenye baraza mbele. Ukisimama kwenye baraza hilo unaliona kuba la jengo la Bunge kwa mbali. Nyumba hiyo inaitwa Cedar Hill, yaani kilima cha mierezi. Leo ni makumbusho, na watu hutoka mbali kuja kuiona.

Lakini kuna wakati nyumba hii ilikuwa na deni, na ilikaribia kupotea. Aliyeinusuru hakuwa tajiri mmoja, na mwanzoni haikuwa serikali. Walikuwa wanawake waliojiunga katika vikundi. Walichangishana kidogo kidogo mpaka deni likaisha.

Msikilizaji, makala hii inaeleza mwenye nyumba hiyo alikuwa nani, kwa nini iliingia hatarini, na vikundi hivyo vilifanya kazi gani. Mwishoni tunaangalia mambo ambayo kikundi chochote kinachotaka kuhifadhi nyumba ya kale hukutana nayo.

MWENYE NYUMBA ALIKUWA NANI?

Frederick Douglass alizaliwa mtumwa katika jimbo la Maryland mwaka 1818. Siku yake ya kuzaliwa hakuijua, kwa sababu watoto wa watumwa hawakuandikiwa tarehe. Baadaye alijichagulia tarehe 14 Februari.

Alijifunza kusoma akiwa mtoto, ingawa bwana wake alikataza. Mwezi Septemba mwaka 1838 alitoroka kutoka Baltimore kwa treni, amevaa mavazi ya baharia na kushika karatasi za kuazima. Aliyemsaidia alikuwa mchumba wake, Anna Murray, mwanamke huru aliyefanya kazi za ndani katika nyumba za watu. Anna alitoa akiba yake ili safari hiyo iwezekane. Walioana New York siku chache baada ya kutoroka.

Mwaka 1845 Douglass alitoa kitabu kinachoeleza maisha yake ya utumwani. Kitabu kilimpa jina, lakini pia kilimweka hatarini, kwa kuwa kisheria alikuwa bado mali ya mtu. Alikwenda Ireland na Uingereza akihutubia mikutano ya kupinga utumwa. Huko marafiki walichangishana fedha, na mwaka 1846 wakamlipa bwana wake. Ndipo Douglass akawa mtu huru kwa mujibu wa sheria.

Likumbuke hilo tunapoendelea: mtu huyu alikombolewa kwa michango. Miaka zaidi ya 70 baadaye, nyumba yake nayo ikakombolewa kwa michango.

Aliporudi Marekani alihamia Rochester, katika jimbo la New York, akaanzisha gazeti lake mwaka 1847. Aliandika, alihutubia, alidai watu weusi waachiwe huru, na pia alidai wanawake wapewe haki ya kupiga kura. Utumwa ulikomeshwa Marekani mwaka 1865.

Mwaka 1872 nyumba yake ya Rochester iliteketea kwa moto. Familia ilipona, lakini nakala nyingi za magazeti aliyoyachapisha kwa miaka mingi ziliungua. Kazi ya miaka ikawa majivu kwa usiku mmoja. Tunalitaja hili kwa sababu linaonyesha jinsi kumbukumbu inavyoweza kutoweka haraka ikiwa imekaa mahali pamoja na hakuna anayeilinda.

ALIIPATAJE NYUMBA YA KILIMANI?

Baada ya moto huo Douglass alihamia Washington. Mwaka 1877 aliteuliwa kuwa mkuu wa maofisa wa mahakama ya mji huo, kazi ambayo hakuna mtu mweusi aliyewahi kupewa kabla yake. Mwaka huohuo alinunua Cedar Hill kwa dola 6,700.

Aliyejenga nyumba hiyo katika miaka ya 1850 alikuwa mjenzi aliyepima viwanja chini ya kilima na kuviuza kwa sharti kwamba viende kwa watu weupe tu. Mambo yake yalipoharibika nyumba iliangukia kwa benki. Benki yenyewe ilikuwa ile iliyoanzishwa mwaka 1865 kuwawekea akiba watu waliotoka utumwani. Mwaka 1874 ilifilisika, na wateja zaidi ya 60,000 wakapata hasara. Douglass alikuwa amewekwa kuwa mwenyekiti wa benki hiyo miezi michache tu kabla haijafungwa, wakati tayari ilikuwa imeoza ndani, na alitia humo fedha zake mwenyewe akijaribu kuiokoa.

Kwa hiyo mtu mweusi, aliyezaliwa mtumwa, alikuja kuishi juu ya kilima kilichotazama mtaa ambao watu wa rangi yake walikatazwa kununua kiwanja.

Alipanua nyumba kutoka vyumba 14 hadi 21. Alikuwa na maktaba, meza ya kuandikia, na fidla aliyopenda kuipiga. Nyuma ya nyumba alikuwa na kibanda kidogo cha mawe alimokwenda kusoma na kuandika akitaka kuwa peke yake. Wajukuu walijaa nyumbani. Anna, mke aliyemsaidia kutoroka, alifariki humo mwaka 1882.

Mwaka 1884 Douglass alioa tena. Mke wa pili, Helen Pitts, alikuwa mwanamke mweupe, mdogo wake kwa karibu miaka 20. Ndoa hiyo ilizua maneno pande zote. Ndugu wa Helen wengi hawakuifurahia, na watoto wa Douglass nao hawakuifurahia.

WOSIA ULIOKOSA SHAHIDI MMOJA

Tarehe 20 Februari 1895 Douglass alihudhuria mkutano wa wanawake mjini Washington. Jioni alirudi nyumbani, na akiwa anamsimulia mkewe mambo ya siku hiyo alianguka, akafariki.

Aliacha wosia. Ndani yake alimwachia Helen nyumba ya Cedar Hill. Lakini wosia ulikuwa na saini za mashahidi wawili tu. Sheria ya Washington wakati huo ilitaka mashahidi watatu pale wosia unapogusa ardhi na nyumba. Upande wa nyumba, basi, wosia ukawa batili.

Jambo hili linashangaza zaidi ukijua kwamba Douglass aliwahi kuwa msajili wa hati za ardhi wa mji huohuo wa Washington. Na Helen, kabla ya kuolewa, alikuwa karani katika ofisi hiyohiyo. Watu wawili waliofanya kazi na hati za ardhi za watu wengine walijikuta nyumba yao wenyewe inakwama kwa upungufu wa saini moja.

Wosia ulipokwama, watoto wa Douglass wakawa na haki katika nyumba. Walitaka iuzwe, kila mmoja apate fungu lake. Si haki kuwalaumu moja kwa moja. Walikuwa na familia zao na mahitaji yao, na nyumba ile ilikuwa pia nyumba ya mama yao, Anna, ambaye kazi yake ilisahauliwa mapema. Mwaka 1900 binti yao mkubwa, Rosetta, alitoa hotuba ndefu kumkumbuka mama yake, ili watu wajue kwamba Douglass hakujijenga peke yake.

Helen kwa upande wake alitaka nyumba ibaki kama ilivyokuwa siku mumewe alipofariki, iwe mahali pa kumbukumbu kwa taifa. Kwa kuwa sheria haikumpa, alilazimika kuinunua. Alikopa fedha, akawalipa warithi, na nyumba ikawekwa rehani.

Hapo ndipo deni lilipoanzia.

DENI LA MAMA MJANE

Helen hakugawa wala kuuza vitu vya mumewe. Vitabu, fimbo, miwani, samani na picha vilibaki ndani. Kwa kazi ya makumbusho, hilo ndilo jambo la thamani kuliko yote aliyofanya. Kuta zinaweza kujengwa tena, lakini kiti alichokalia mtu kikishauzwa mnadani hakirudi.

Alifanya jambo la pili pia. Aliliomba Bunge la Marekani liidhinishe jumuiya ya kuitunza nyumba hiyo na kumbukumbu ya Douglass. Bunge lilikubali mwaka 1900. Tangu hapo kukawa na chombo kinachotambuliwa kisheria kinachoweza kumiliki nyumba, badala ya nyumba kutegemea uhai wa mtu mmoja.

Helen alizunguka akitoa mihadhara ili apate fedha za kulipa mkopo. Alifariki mwezi Desemba mwaka 1903, na deni lilikuwa bado halijaisha. Jumuiya ikarithi kazi yake, na pamoja nayo ikarithi rehani.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Viongozi maarufu wa watu weusi, akiwemo Booker T. Washington, walijaribu kuchangisha. Deni lilipungua lakini halikumalizika. Na nyumba isiyokarabatiwa huzeeka upesi. Paa linavuja, mbao zinaoza, rangi inabambuka, bustani inageuka kichaka. Kila mwaka deni lisipolipwa, gharama ya kukarabati nayo inapanda. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na hapa hata wa kuujenga huo ukuta hakuonekana.

VIKUNDI VYA WANAWAKE VINAINGIA

Mwaka 1896, wanawake weusi wa Marekani walikuwa wameunganisha vikundi vyao vya mitaa na majimbo katika chama kimoja cha kitaifa. Rais wake wa kwanza alikuwa Mary Church Terrell. Vikundi hivyo viliendesha shule za chekechea, nyumba za wazee, madarasa ya jioni na malezi ya watoto wa akina mama wanaofanya kazi. Hazikuwa kazi za kulipwa. Wanachama walikutana, wakachanga, wakagawana majukumu, kama vinavyofanya vikundi vingi vya akina mama hadi leo.

Mwaka 1916 chama hicho kilikubali kubeba mzigo wa Cedar Hill. Mwaka huohuo kilimchagua rais mpya, Mary B. Talbert, mwalimu kutoka mji wa Buffalo katika jimbo la New York. Talbert alilichukua suala la nyumba kuwa kazi yake ya kwanza. Aliandika katika jarida la The Crisis, lililosomwa sana na watu weusi, akieleza hali ya nyumba na kuomba mchango. Vikundi vya majimbo mbalimbali vikaanza kukusanya.

Ni muhimu kuelewa wakati wenyewe. Katika miaka hiyo watu weusi waliuawa na makundi ya watu bila mahakama, hasa katika majimbo ya kusini. Mwaka 1913 serikali ya Marekani ilikuwa imeanza kuwatenga wafanyakazi weusi na weupe katika ofisi zake za Washington. Katika miji mingi zilisimamishwa sanamu za majenerali waliopigana upande uliotetea utumwa. Watu wenye fedha na madaraka walikuwa wanachagua nani akumbukwe, na Douglass hakuwa katika orodha yao.

Kwa hiyo mwanamke aliyetoa senti zake kwa ajili ya nyumba ya kilimani hakuwa ananunua matofali. Alikuwa anahakikisha kwamba mjukuu wake atakuwa na mahali pa kwenda na kuambiwa, "Hapa aliishi mtu wetu."

Aliyetoa mchango mkubwa kuliko mtu mwingine yeyote alikuwa Madam C. J. Walker, aliyetoa dola 500. Walker alizaliwa Louisiana mwaka 1867, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa. Kwa miaka mingi alifua nguo za watu, kisha akaanzisha biashara ya mafuta ya nywele iliyomtajirisha. Lakini dola 500 peke yake zisingetosha. Sehemu iliyobaki ilitoka kwa watu ambao majina yao hayakuandikwa kwenye ukuta wowote.

Mwezi Julai mwaka 1918 chama kilikutana katika mji wa Denver. Deni lilikuwa limelipwa lote. Mbele ya wajumbe, hati ya rehani ilichomwa moto. Talbert aliongoza shughuli hiyo, na Walker alipewa heshima ya kushiriki kwa ajili ya mchango wake. Chini ya mwaka mmoja baadaye Walker alifariki.

KULIPA DENI SI MWISHO WA KAZI

Wengi wangedhani kwamba baada ya hati kuungua kazi imekwisha. Kwa kweli ilikuwa imefika katikati. Sasa nyumba ilikuwa mali ya jumuiya bila mdai, lakini ilikuwa chakavu. Vikundi viliendelea kuchangisha, safari hii kwa ajili ya mafundi na vifaa. Nyumba ilikarabatiwa, na mwezi Agosti mwaka 1922 ikazinduliwa na kufunguliwa kwa umma. Palijengwa pia nyumba ndogo ya mlinzi na mtunzaji, ili pawepo mtu anayeishi pale, anayefungua milango, kuwapokea wageni na kuona mapema paa linapoanza kuvuja.

Mwaka huohuo wa 1922 Talbert alipewa nishani ya Spingarn, ambayo hutolewa kwa Mmarekani mweusi aliyefanya jambo kubwa. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuipata, na kuokolewa kwa nyumba ya Douglass kulitajwa miongoni mwa sababu. Alifariki mwaka uliofuata.

Hapa tueleze tofauti moja inayowachanganya wengi. Kukarabati nyumba ili watu waishi ni kazi moja, na kukarabati nyumba iwe makumbusho ni kazi nyingine.

Nyumba ya kuishi unaitengeneza iwe bora kuliko zamani. Unabadilisha dirisha la mbao kuweka la chuma, unang'oa sakafu kuukuu unaweka vigae. Nyumba ya makumbusho unataka irudi kama ilivyokuwa wakati fulani. Swali la kwanza la fundi linakuwa: ni wakati gani? Cedar Hill ilikuwa na maisha kabla ya Douglass na baada yake. Uamuzi uliochukuliwa ni kuionyesha kama ilivyokuwa Douglass alipoishi humo, kati ya mwaka 1878 na 1895.

Baada ya uamuzi huo hufuata upelelezi. Picha za zamani zinatafutwa. Barua zinasomwa. Wazee waliowahi kuingia wanaulizwa meza ilikaa wapi. Rangi ya ukutani inakwanguliwa tabaka kwa tabaka mpaka ile ya wakati unaotakiwa ionekane. Pale ambapo kitu cha asili kimepotea, kinatengenezwa kingine kinachofanana nacho, na mgeni anaambiwa ukweli kwamba hiki ni kipya. Kile kibanda cha mawe cha nyuma ya nyumba, kwa mfano, kilikuwa kimebomoka, na kinachoonekana leo kimejengwa upya.

Utaratibu wa kazi nao una mantiki yake. Maji ndiyo adui wa kwanza wa nyumba, kwa hiyo paa na mifereji hutangulia. Kisha msingi na kuta. Kisha milango na madirisha. Rangi na mapambo huja mwisho. Kikundi kinachoanza na rangi kwa sababu inapendeza kwenye picha hujikuta kinapaka tena baada ya mvua moja.

KWA NINI NYUMBA ILIKWENDA SERIKALINI?

Kwa miaka 40 baada ya 1922 jumuiya na vikundi vya wanawake viliendelea kuitunza Cedar Hill kwa michango. Lakini nyumba ya kale haishibi. Kila kizazi cha wanachama kilirithi paa lilelile na bustani ileile, huku gharama zikipanda. Wanaojitolea wanaweza kufagia, kuongoza wageni na kuchangisha, ila kubadilisha mihimili ya nyumba ya vyumba 21 kunahitaji fedha za uhakika za kila mwaka.

Mwaka 1962 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuiingiza nyumba hiyo katika mali zinazotunzwa na idara ya hifadhi za taifa. Ukarabati mkubwa ulifuata, na nyumba ikafunguliwa upya tarehe 14 Februari 1972, siku ambayo Douglass aliichagua kuwa ya kuzaliwa kwake. Ilifungwa tena kwa matengenezo mwaka 2004 na kufunguliwa mwaka 2007.

Je, kukabidhi nyumba serikalini ni kushindwa? Ukiangalia mfululizo wa matukio, jibu ni hapana. Serikali ilipokea mwaka 1962 kwa sababu kulikuwa na kitu cha kupokea. Kama vikundi vile visingelipa deni mwaka 1918, kiwanja kingeuzwa, vitu vingetawanyika, na hakuna sheria ambayo ingeweza kuvirudisha. Vitu vingi vinavyoonekana leo ndani ya nyumba ni vile vilevile vya Douglass na familia yake. Fimbo iliyokuwa ya Rais Abraham Lincoln, ambayo mjane wake alimpa Douglass, bado imo katika mkusanyiko wa nyumba hiyo.

MAMBO AMBAYO KIKUNDI HUKUTANA NAYO

Nyumba za kale zipo kila mahali: nyumba ya chifu, shule ya kwanza ya eneo, nyumba aliyozaliwa mtu mashuhuri, duka la zamani la kituo cha reli. Kisa cha Cedar Hill kinaonyesha mambo matano ambayo hayategemei ukubwa wa nyumba wala utajiri wa nchi.

La kwanza ni karatasi. Kabla ya kushika mwiko na saruji, ulizeni nyumba ni ya nani kisheria. Kama mwenyewe yu hai na anataka nyumba ihifadhiwe, wosia wake uandikwe kwa kufuata masharti yote ya sheria ya mahali pale. Shahidi mmoja aliyekosekana aligharimu miaka mingi ya deni.

La pili ni familia. Warithi si maadui wa historia. Wana haki zao na wana kumbukumbu ambazo hakuna mwingine anazo. Wakishirikishwa mapema, mvutano hupungua, na yale yanayosemwa ndani ya makumbusho yanakuwa kamili zaidi. Kwa muda mrefu wageni wa Cedar Hill walisikia mengi juu ya Douglass na machache juu ya Anna.

La tatu ni vitu. Msitupe kitu kwa sababu ni kikuukuu. Orodhesheni kila kilichomo, andikeni kilikaa chumba gani, na pigeni picha kwa simu kabla ya kuhamisha chochote. Hili halihitaji fedha, na linaweza kufanywa kwa siku moja.

La nne ni mafundi. Mtafuteni fundi anayejua vifaa vya zamani. Ukuta uliojengwa kwa chokaa au udongo ukipigwa plasta ya saruji hushindwa kupumua. Unyevu unabaki ndani, na plasta huanza kubanduka pamoja na ukuta wenyewe. Pia nendeni kwanza kwenye ofisi inayohusika na mambo ya kale, kwa maana nyumba nyingine zinalindwa na sheria na haziguswi bila kibali.

La tano ni siku ya pili baada ya sherehe. Nani atafungua mlango? Nani atafagia? Fedha ya bati moja lililopeperuka itatoka wapi? Wanawake wale wa mwaka 1922 walijibu maswali hayo kwa kujenga nyumba ya mtunzaji. Kikundi kisicho na jibu kinafanya uzinduzi mzuri, na baada ya miaka mitatu mlango umefungwa kwa kufuli lenye kutu.

WALIOACHWA NJE YA PICHA

Mgeni anayefika Cedar Hill leo huonyeshwa meza ya Douglass, fidla yake na ukumbi alioangukia. Humuuliza kiongozi wa ziara juu ya maisha ya mzee huyo, na ni sawa, kwa kuwa nyumba ni yake.

Lakini ile nyumba imesimama kwa sababu ya watu wengine pia. Kuna Anna, aliyetoa akiba yake. Kuna Helen, aliyekataa kuuza. Kuna Talbert, aliyeandika na kuzunguka akiomba. Na kuna maelfu ya wanachama wa vikundi waliotoa walichokuwa nacho, wengi wao bila kuiona nyumba yenyewe hata siku moja.

Je, katika eneo lako ipo nyumba ambayo watu huipita kila siku wakisema, "Hapo zamani aliishi fulani"? Kama ipo, kuna wazee wanaojua mlango wa nyuma ulikuwa wapi, kisima kilichimbwa na nani, na mwenye nyumba alikuwa mtu wa namna gani. Waulize wiki hii, na uyaandike majibu yao. Paa linaweza kusubiri msimu mmoja, lakini mzee wa miaka 90 huenda asisubiri.